Anayejenga na Anayelala Ndani: Joto, Baridi na Kuta za Nairobi

Mgeni anayeshuka Nairobi mwezi wa Julai bila sweta hujuta kabla ya jua kutua. Jiji liko karibu na ikweta, kusini yake kwa digrii moja na kitu tu, lakini limekaa juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari. Ukishika njia ya magharibi, kupitia Westlands, Kangemi na Uthiru hadi Kikuyu, ardhi inazidi kupanda na baridi nayo inazidi. Usiku wa Julai kipimajoto hushuka hadi nyuzi 11 au 12 za Selsiasi. Mchana wa Februari hupanda hadi 27 au 28. Wastani wa mwaka mzima ni nyuzi 19 hivi.

Wahandisi wa majengo huionea wivu hali kama hiyo. Nyumba iliyojengwa kwa akili Nairobi haihitaji kiyoyozi wala hita. Hata hivyo, ofisi nyingi za katikati ya jiji hupozwa kwa mashine kuanzia asubuhi, na vyumba vya mtaa wa Kawangware hupashwa moto kwa jiko la makaa. Mambo yalifikaje hapo? Jibu limo katika paa, kuta na madirisha ya miaka 120 na zaidi, na kwa maoni yangu limo hasa katika swali moja: aliyejenga ndiye aliyelala ndani, au alimjengea mwingine?

Kabla ya 1899: nyasi na moshi

Bonde ambalo Wamaasai waliliita Enkare Nairobi, maji baridi, lilikuwa malisho. Nyumba zao zilijengwa na wanawake, kwa fito zilizokandikwa udongo na samadi ya ng'ombe, fupi, zenye tundu dogo la kutolea moshi. Kwenye vilima vya magharibi, walikoishi Wakikuyu, nyumba ilikuwa ya mviringo, yenye paa refu la nyasi lililoshuka hadi karibu na ardhi na moto ukiwaka katikati.

Siri ya paa lile ni hewa. Nyasi zenyewe hazina miujiza, ila tabaka nene la nyasi hunasa hewa katika mirija na nafasi ndogo zisizohesabika, na hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida sana. Sweta hufanya kazi hiyo hiyo. Pamba ya kioo, pamba ya mawe na povu la plastiki linalouzwa leo kama kinga ya majengo vyote vinafuata kanuni hiyo: nunua hewa iliyonaswa, usiiache itembee. Moshi nao ulikausha nyasi na kufukuza wadudu, ingawa macho na mapafu ya waliolala ndani yalilipia gharama yake, na yeyote anayeisifu nyumba ya jadi bila kutaja hilo hajawahi kukaa ndani yake moto ukiwaka.

Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha 1938 kuhusu Wakikuyu, alieleza kwamba nyumba ilitakiwa kujengwa na kuhamiwa siku hiyo hiyo, wanaume wakishughulikia miti na wanawake wakileta nyasi. Hapakuwa na mwenye nyumba na mpangaji. Paa likiwa jembamba, aliyeliezeka ndiye aliyetetemeka msimu wa gathano, ile baridi ya katikati ya mwaka yenye mawingu yasiyoondoka.

1899 hadi 1913: bati linawasili

Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi tarehe 30 Mei 1899, na pamoja nayo ikaja bidhaa ambayo haijaondoka hadi leo. Bati la migongo lilivumbuliwa London na mhandisi Henry Robinson Palmer mwaka wa 1829. Kwa shirika la reli lilikuwa jibu la kila tatizo: linapangwa moja juu ya jingine melini bila kupoteza nafasi, ni jepesi, haliliwi na mchwa, halishiki moto kama nyasi, na hukinga maji ya mvua. Katika muda mfupi bonde lile la kinamasi lilijaa safu za mabati, za paa na za kuta.

Tatizo la chuma ni kwamba hupitisha joto zaidi ya mara elfu moja kuliko hewa iliyotulia. Bati lililo uchi chini ya jua la saa sita hupata moto wa nyuzi 60 hivi, kisha upande wa ndani hummwagia joto hilo aliye chini yake. Usiku mambo hugeuka. Anga likiwa wazi, bati hupoteza joto haraka mno hadi likawa baridi kuliko hewa yenyewe. Pumzi za waliolala hupanda, zikagusa chuma, zikageuka matone, na alfajiri paa hudondosha maji ilhali nje hakuna mvua. Kila aliyekulia chini ya mabati anajua jasho hilo.

Maafisa wa reli walilijua pia. Nyumba zao ziliinuliwa juu ya nguzo, zikazungushiwa veranda na kupigwa mbao upande wa ndani, hivyo kati ya bati na mbao pakawa na nafasi ya hewa. Vibanda vya vibarua, Wahindi kwa Waafrika, vilibaki bati tupu. Tofauti hiyo haikutokana na ujinga. Mhandisi yule yule, akitumia bohari ile ile, alijua pa kuweka mbao na pa kutoziweka.

Mwaka wa 1902 tauni ililipuka na serikali ikauchoma mtaa wa biashara wa Wahindi. Kuanzia hapo sheria za ujenzi zikaandikwa na madaktari. Profesa W. J. Simpson, mtaalamu wa afya ya nchi za joto, aliletwa mwaka wa 1913 na akapendekeza jiji ligawanywe kwa misingi ya rangi kwa kisingizio cha afya. Hofu ya magonjwa iliacha alama nyingine ndogo, ambayo ingali ukutani: matundu ya kudumu ya kupitishia hewa, juu ya dirisha, yasiyofungika. Kusudi lilikuwa jema, chumba kipumue. Lakini kila Julai wapangaji huyaziba kwa magazeti na vitambaa, kisha wengine huingiza jiko la makaa ndani, na gesi isiyo na harufu huwaua usingizini. Kanuni zilidai hewa iingie. Hazikudai kwamba ukuta na paa vimkinge aliye ndani asipate haja ya jiko.

1912 hadi 1945: jiwe, vigae na mahali pa kuotea moto

Ardhi ya Nairobi imelala juu ya majivu ya volkeno yaliyogandamana yakawa jiwe la kijivu, laini kiasi cha kuchongwa kwa nyundo na patasi. Mafundi wa Kihindi na wanafunzi wao Waafrika walilifanya kuwa sura ya jiji. Jiwe halizuii joto kama nyasi. Kazi yake ni nyingine: hukawia. Ukuta mnene hunywa joto la mchana polepole na kulitoa ndani saa nyingi baadaye, wakati baridi imeingia na joto linahitajika. Mahali ambapo mchana ni joto na usiku ni baridi, kama Nairobi, kukawia huko ni mali.

Nyumba iliyojengwa mwaka wa 1912 chini ya vilima vya Ngong, baadaye maarufu kama makao ya mwandishi Karen Blixen na leo makumbusho, inaonyesha somo hilo lote: kuta za mawe, paa la vigae, mbao ukutani ndani, veranda pana, na mahali pa kuotea moto. Mbunifu Herbert Baker alifanya hivyo hivyo kwa ukubwa zaidi katika shule iliyofunguliwa mwaka wa 1931 kama Prince of Wales School, sasa Nairobi School, kando ya barabara ya Waiyaki: ushoroba wenye matao, ua wa ndani, vigae vyekundu, na kivuli kila mwanafunzi anapopita.

Hapo ndipo magharibi ya Nairobi ilipopata sura yake. Vilima vya juu, vyenye udongo mwekundu na miti, vilitengewa Wazungu. Tambarare ya mashariki, yenye udongo mweusi unaopasuka na kiangazi kikali, ikawa ya wafanyakazi Waafrika. Mti ni sehemu ya jengo. Nyumba ya Lavington yenye vigae, dari ya mbao na mikaratusi upande wa machweo ilikuwa imekingwa mara tatu kabla hata ya kupakwa rangi. Kibera na Dagoretti, ng'ambo ya vilima hivyo hivyo, watu walikandika udongo juu ya fito na kuezeka bati. Ukuta wa udongo ulikuwa mzuri kwa joto kuliko ule wa bati uliokuja kuchukua nafasi yake, jambo ambalo maafisa waliosaka nyumba za "kudumu" hawakutaka kulisikia.

1937 hadi 1973: kivuli kama sayansi

Katika miaka ya 1930 mbunifu Ernst May, aliyekuwa amejenga maelfu ya nyumba za wafanyakazi Frankfurt kabla ya kuzunguka hadi Urusi na Tanganyika, alifika Nairobi. Jengo lake la Delamere Flats lilileta fikra kwamba nyumba ya mjini ianze na jua: dirisha lielekee wapi, roshani itoe kivuli kiasi gani, upepo uingie na kutokea wapi. Karibu na ikweta hesabu hiyo ina jibu la wazi. Jua la saa sita liko juu ya paa. Kuta za kaskazini na kusini hukingwa kwa ubao mfupi tu unaochomoza. Kuta za mashariki na magharibi ndizo hupigwa na jua la chini, asubuhi na jioni, na hakuna ubao unaolizuia. Kwa hiyo jengo lirefushwe kutoka mashariki kwenda magharibi, ncha zake ziwe fupi na zisiwe na madirisha mengi.

Mbunifu aliyeigeuza hesabu hiyo kuwa urembo ni Amyas Connell, mzaliwa wa New Zealand. Jengo la Bunge, hospitali ya Aga Khan kule Parklands iliyofunguliwa mwaka wa 1958, na ofisi za mwanasheria mkuu zilizokamilika 1960, sasa Sheria House, zote zimevaa vimiani vya zege, kama ushanga wa vitundu vinavyovunja jua kabla halijagusa ukuta. Nathubutu kusema huu ndio wakati Nairobi ilipojenga vizuri zaidi. Kinga ilikuwa nje ya jengo, haikutumia umeme, na haikuhitaji kuagizwa ng'ambo.

Kilele chake ni KICC, Jumba la Mikutano ya Kimataifa la Kenyatta, kazi ya Karl Henrik Nøstvik wa Norwei na David Mutiso, mbunifu mkuu wa serikali wa kwanza Mwafrika. Mnara huo wa mita 105, uliokamilika 1973, umezungukwa na mbavu za zege zinazokinga madirisha yake pande zote. Ulijengwa na serikali, tena serikali iliyokuwa na fahari ya kuonyesha. Hiyo husaidia.

Kanuni za ujenzi za 1968, zilizotawala kwa zaidi ya nusu karne, ziliandikwa katika wakati huo wa neema. Ziliangalia moto, maji taka, mwanga na hewa. Nishati haikuwa hoja. Wabunifu wenyewe walikuwa wakiishughulikia kwa mazoea ya kazi, na hakuna aliyefikiri mazoea hayo yangetoweka.

1973 hadi 2000: kioo

Mwaka KICC ilipokamilika, bei ya mafuta duniani ililipuka. Ulaya ilijibu kwa kuandika sheria za unene wa kinga katika kuta na mapaa. Denmark na Sweden zilibadili kabisa namna ya kujenga. Kenya ilijibu kwa kutafuta umeme zaidi. Mtambo wa kwanza wa mvuke wa Olkaria, wa megawati 15, uliwashwa mwaka wa 1981. Uamuzi huo umeipa nchi gridi ambayo leo takriban asilimia 90 ya umeme wake hutoka kwa mvuke, maji, upepo na jua. Lakini ulimaanisha kwamba swali la pili, yaani jengo lihitaji umeme kiasi gani, halikuulizwa.

Kisha kikaja kioo. Lonrho House na wenzake wa miaka ya 1990 walivaa vioo kuanzia chini hadi juu. Mwekezaji alitaka kufanana na Johannesburg na Dubai, na vimiani vya zege vikaonekana vya kizee. Kioo cha tabaka moja huruhusu mwanga wa jua uingie, na joto lake likishanaswa na zulia na meza halitoki kwa urahisi. Ofisi ya ghorofa ya kumi inayotazama magharibi hugeuka tanuri saa tisa alasiri katika jiji ambalo hewa ya nje ni nyuzi 25. Kiyoyozi kikaacha kuwa anasa.

Onyo lilikuja mara mbili. Bomu la ubalozi wa Marekani tarehe 7 Agosti 1998 lilivunja vioo vya majengo mengi ya katikati ya jiji, na watu wengi walipoteza macho kwa vipande vya vioo vya madirisha. Miaka miwili baadaye ukame ulikausha mabwawa, na mwaka wa 2000 stima ikagawanywa kwa zamu. Majengo ya kioo bila umeme hayakukalika. Dawa iliyonunuliwa ilikuwa jenereta.

2004 hadi leo: gorofa za Kilimani

Mabadiliko ya masharti ya ujenzi katika miaka ya 2000 yaliruhusu gorofa kupanda katika Kilimani, Kileleshwa na baadaye Lavington. Bangaloo moja yenye nusu ekari ya miti iliuzwa, ikabomolewa, na mahali pake pakainuka nyumba arobaini. Vigae na dari vilipotea, paa likawa zege bapa lililopakwa lami nyeusi ya kuzuia maji. Hakuna rangi mbaya zaidi kwa kazi hiyo. Anayepanga ghorofa ya juu kabisa hujua ifikapo Februari kwa nini kodi yake ilipunguzwa kidogo.

Ni haki kusema pia kwamba katika gorofa hizo kinga ya paa haitapunguza bili kwa kiasi cha kutisha, kwa sababu wengi hawana kiyoyozi. Kinachokula tokeni za stima ni bomba la kuogea la umeme na pasi. Faida ya kinga nyumbani ni usingizi, na usingizi hauna mita. Katika ofisi na hoteli ndiko fedha huonekana, na ndiyo maana kanuni za usimamizi wa nishati za 2012 ziliwalenga watumiaji wakubwa, zikiwadai wafanyiwe ukaguzi wa nishati kila baada ya miaka mitatu.

Wakati huo huo majengo machache yalirudi kwenye akili ya miaka ya 1950. Tarehe 31 Machi 2011 Rais Mwai Kibaki na Katibu Mkuu Ban Ki-moon walifungua ofisi mpya za Umoja wa Mataifa huko Gigiri: za watu 1,200, zenye nyua za ndani zinazovuta hewa juu kama dohani, mwanga wa mchana hadi katikati ya jengo, na paneli za sola mita za mraba 6,000 juu ya paa. Katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, huko Lang'ata, mbunifu Musau Kimeu alipitisha hewa ya jengo la maktaba kwenye tabaka la mawe yanayoipoza kabla haijaingia vyumbani. Ni lile jiwe linalokawia, sasa limefichwa chini ya sakafu.

Povu nalo liliwasili. Shirika la Nyumba la Taifa lilifungua kiwanda Mavoko cha kutengeneza paneli za polistirini, lile povu jeupe linalofungia televisheni mpya, likiwa limevikwa wavu wa chuma na kupigwa zege pande zote mbili. Ukuta wa namna hiyo ni mwepesi, husimama haraka, hutumia saruji kidogo kuliko ukuta wa zege tupu, na huzuia joto kuliko jiwe. Wateja waliugonga kwa vidole, wakasikia mlio wa utupu, wakarudi kwa mawe. Si kila shaka yao ilikuwa ya kijinga: povu hushika moto lisipofunikwa sawasawa, na mkasa wa Grenfell jijini London mwezi wa Juni 2017, uliowaua watu 72, ulianzia jikoni na kupandia katika vifuniko na povu vilivyobandikwa nje ya jengo.

Kwa Nairobi naona povu ni jibu la pili. La kwanza ni rahisi kuliko hilo: paa lipakwe rangi nyeupe, chini ya bati pawe na karatasi ya alumini na dari yenye nafasi ya hewa, kioo cha magharibi kipunguzwe au kitiwe kivuli, mti ubaki. Kwa kuwa umeme wetu tayari ni safi kiasi, moshi mwingi wa jengo hutoka katika saruji na chuma vilivyolijenga, na si busara kuongeza tani za vifaa kutoka ng'ambo ili kuzuia baridi ya nyuzi 11.

Mwezi wa Oktoba 2019 kampuni ya Acorn iliuza hati fungani ya kijani ya shilingi bilioni 4.3, ya kwanza nchini, ili kujenga hosteli za wanafunzi. Masharti ya EDGE, cheti cha majengo ya kijani walichotumia, ni kwamba jengo lipunguze kwa angalau asilimia 20 nishati, maji, na nishati iliyomo ndani ya vifaa vya ujenzi. Hosteli ni jengo ambalo aliyelijenga ndiye huliendesha kwa miaka mingi. Dirisha likiwa kubwa kupita kiasi au paa likiwa jembamba, hasara inamrudia. Umoja wa Mataifa Gigiri ni hivyo hivyo, na chuo kikuu, na hata ile nyumba ya nyasi.

Kanuni mpya za taifa za ujenzi za 2024 zilianza kutumika Machi 2025, zikizistaafisha zile za 1968. Zinahusu majengo yanayokuja. Huko Kangemi na Kawangware, wakazi wengi wanaishi katika vyumba vilivyokwisha kujengwa, kwa bati au kwa mawe yenye paa la bati, na mwenye nyumba anaishi kwingine. Mpangaji hapigi dari katika nyumba ya watu, kwa sababu akihama ataiacha. Hivyo hugundisha maboksi ya katoni ukutani, hutandaza magazeti, hutundika mapazia ya lesi kuzunguka chumba kizima, na kuacha nafasi ya hewa kati ya kitambaa na bati, sawasawa na mbao za maafisa wa reli za 1899. Gharama ya karatasi ya alumini na dari ya chumba kimoja haifiki kodi ya miezi mingi, lakini hakuna sheria inayomwambia mpangaji aidai kwa nani.